Damu ya Raia na Hesabu ya Mwenye Bunduki

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema zamstahiki Mola aliyeiumba nafsi ya mwanadamu, akaitukuza, akaharimisha kuitoa ila kwa haki. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyepewa nguvu juu ya watu asiwadhulumu, na aliyetawala asijiweke juu ya Sharia. Ziwashukie na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Liko neno linalozungumzwa sana barazani na mbele ya milango ya misikiti baada ya sala ya isha, na watu wamekhitalifiana juu yake. Askari polisi aliyepewa bunduki na serikali apigapo mtu risasi akafa, je, aulizwe kama aulizwavyo muuaji mwingine, au aachwe kwa kuwa yuko kazini? Wako wasemao kwamba kumshitaki askari ni kuivunja mikono serikali na kuwapa nguvu wezi. Na wako wasemao kwamba damu ni damu, na aliyeimwaga hana budi kutoa hesabu yake, awe amevaa kanzu au amevaa sare. Neno hili si dogo, wala si la wanasiasa peke yao. Ni neno la dini, na wanachuoni walilisema zamani kabla bunduki haijatengenezwa. Kwa hiyo yampasa Muislamu alijue, asije akasema barazani neno jepesi ulimini lakini zito katika mizani ya Siku ya Kiyama.

KHABARI YENYEWE

Kwanza na zitajwe khabari zilizothibiti, ili maneno yasiwe ya hewani.

Katika mwezi wa Agosti 2014, huko Kinango katika Kwale, askari polisi waliingia katika nyumba moja wakimtafuta mtu mwingine, wakampiga risasi msichana wa miaka 14 akafa. Walijitetea kwamba msichana yule aliwajia na panga. Khabari ile ilichunguzwa na Mamlaka Huru ya Kuangalia Kazi za Polisi, ijulikanayo kwa jina la IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ilikataa utetezi ule, ikawatia hatiani askari wawili kwa kosa la kuua bila ya kukusudia, na kulla mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 7.

Tarehe 30 Machi 2020, wakati watu wa Kenya walipokatazwa kutoka nje usiku kwa ajili ya maradhi ya korona, mtoto wa Kiislamu wa miaka 13 alikuwa amesimama katika roshani ya nyumba yao huko Nairobi, risasi ikamfikia akafa. Hakuwa barabarani, wala hakuvunja amri yoyote. Rais wa wakati ule aliomba radhi kwa mabavu yaliyotumiwa na askari katika siku zile, na mwaka ule ule askari mmoja akashitakiwa kwa mauti ya mtoto yule.

Kisha tarehe 25 Juni 2024 vijana waliandamana kupinga mswada wa kodi hata wakaingia katika majengo ya Bunge, na risasi zikapigwa. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wapatao 60 waliokufa katika maandamano yaliyoanza mwezi ule. Na tarehe 17 Juni 2025, kijana aliyekuwa akiuza barakoa katika njia za Nairobi alipigwa risasi ya kichwa kwa karibu, na watu wengi wakaona picha yake. Akafa baada ya siku kadha wa kadha, na askari akapelekwa mahakamani. Mwezi wa Julai uliofuata, Rais wa nchi alisema kwamba mwenye kuchoma mali na biashara ya watu apigwe risasi ya mguu, apelekwe hospitali, kisha mahakamani. Hapo ndipo mjadala ulipozidi kuwaka, nyumbani na njiani.

Msomaji ataona kwamba katika waliotajwa humu yuko Muislamu na yuko asiyekuwa Muislamu. Wala mtu asidhani kwamba Sharia inalinda damu ya mmoja ikaiacha ya mwingine. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, amefaradhisha dia hata kwa aliyeuawa kwa makosa naye ni wa watu wenye ahadi na Waislamu. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume (S.A.W.) amemkhofisha mwenye kumuua mtu wa ahadi kwamba hatapata hata harufu ya Pepo. Basi jirani yako Mgiriama au Mkamba, ambaye mnaishi naye kwa amani chini ya sheria moja, damu yake si maji.

SAYYIDNA UMAR NA MWANAMKE ALIYEOGOPA

Waliokhitalifiana leo wajue kwamba ikhtilafu hii ilitokea mbele ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) mwenyewe, naye ndiye aliyekuwa mshitakiwa.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alimwita mwanamke mmoja aliyesikia khabari zake, mumewe akiwa safarini. Umar alikuwa mtu wa haiba. Mwanamke yule alipopata wito alishikwa na khofu kubwa, naye alikuwa mja mzito. Njiani akashikwa na uchungu, akaingia katika nyumba, akazaa mtoto. Mtoto akalia mara mbili, kisha akafa. Umar hakumpiga mwanamke yule. Hakumgusa, wala hakuinua fimbo. Alituma mjumbe tu, na kumwita mtu ni haki ya mtawala.

Lakini hakuufunga mlango akasema kwamba yuko kazini. Aliwakusanya masahaba akawauliza. Baadhi yao wakamwambia kwamba hana juu yake kitu, kwa sababu yeye ni mtawala na ni mwenye kutia watu adabu. Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa amenyamaza. Umar akamgeukia, akataka shauri lake. Ali akajibu kwamba ikiwa wale wamesema kwa rai zao, basi rai zao zimekosa; na ikiwa wamesema ili kumpendeza Umar, basi hawakumnasihi. Akatoa fat-wa kwamba dia ya mtoto ni juu yake Umar, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtisha mama yake. Umar akaikubali fat-wa ile, akaamrisha dia igawanywe juu ya jamaa zake wa Kikureshi, ilipwe.

Wataalamu wa Hadithi wamesema kwamba mapokezi ya kisa hiki yamekatika, kwani aliyekipokea, Al-Hasan Al-Basri, hakumdiriki Umar. Na ni amana kulisema hilo. Lakini mafakihi wetu wa Kishafi'i wamekitaja kisa hiki katika vitabu vyao, wakakifanyia kazi katika mlango wa dhamana ya watawala, na yaliyomo yanakubaliana na msingi wa madhehebu.

Sasa mtu na azitazame zile kauli mbili. Wale waliosema kwamba Umar hana kitu juu yake kwa sababu ni mtawala, maneno yao ndiyo yasemwayo leo barazani: Askari yuko kazini, mwache. Na jawabu ya Ali ndiyo jawabu ya leo. Mwenye kumwambia mwenye nguvu kwamba haulizwi, ama amekosa katika rai yake, ama anamrai. Na kumrai mwenye nguvu si kumpenda.

DHAMANA YA MWENYE KUTIA ADABU

Maimamu wamekhitalifiana katika mtu aliyeadhibiwa na mtawala adhabu ya taazir, yaani adhabu ya kumtia adabu isiyowekewa kiwango katika Sharia, akafa kwayo. Wengi katika madhehebu mengine wamesema kwamba damu yake haina dhamana, kwani mtawala alifanya aliloruhusiwa. Ama Imam Shafi'i (R.A.) amesema kwamba ina dhamana. Na hoja ya watu wa madhehebu yake ni nyepesi kufahamika hata kwa mtoto wa chuoni. Adhabu ile iliruhusiwa ili mtu aadilike apate kuishi vyema, nayo imeshurutishwa mwisho wake uwe salama. Akifa, imejulikana kwamba mpaka umepindukiwa, kwani maiti haadiliki.

Kisha wakakhitalifiana ni nani atakayelipa: jamaa za mtawala, na ndiyo kauli yenye nguvu, au Baitul-Mali, hazina ya Waislamu. Lakini hawakukhitalifiana juu ya kwamba damu ilipwe. Haya ndiyo madhehebu ya watu wa pwani hii, kutoka Lamu hata Unguja na Ngazija. Yaliyomo katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, wazee wetu waliyasoma na kuyasomesha misikitini miaka na miaka. Basi ni ajabu Mshafi'i kusimama leo akasema kwamba mwenye sare haulizwi, na hali Imamu wake amekaza katika jambo hili zaidi ya wengine!

NGAZI YA KUJIKINGA

Huenda mtu akasema: Askari naye ni mtu, akijiwa na panga au bunduki, afanyeje? Je, asimame auawe?

La, asimame auawe kwa nini? Sharia imemruhusu kulla mtu kuikinga nafsi yake, na watu wake, na mali yake, na kumkinga mwenziwe. Lakini mafakihi wameweka ngazi, na ngazi huteremkwa na kupandwa daraja kwa daraja, hairukwi. Mshambulizi akiweza kuzuiwa kwa maneno, haifai kupigwa. Akizuilika kwa kuomba msaada wa watu, haifai kumpiga. Akizuilika kwa mkono, haifai fimbo. Akizuilika kwa fimbo, haifai upanga. Na akizuilika kwa kukatwa kiungo, haifai kuuawa. Akikimbia, asifuatwe, kwani shari yake imekwisha kuondoka. Na mwenye kuiruka daraja iliyotosha akaenda kwenye iliyo nzito zaidi, damu ile ni dhamana juu yake. Ila pale mapambano yalipokwisha kuwaka, mambo yakawa hayadhibitiki, hapo hatakiwi mtu kupima kama apimavyo dhahabu.

Sheria ya Polisi ya Kenya ya 2011, katika jedwali lake la sita, nayo imeweka ngazi iliyo karibu na hii. Askari ameamrishwa atumie kwanza njia zisizo za nguvu. Bunduki ni ya pale njia nyingine zisipotosha, kama vile kuokoa maisha yake au ya mwingine. Akimjeruhi mtu ameamrishwa amtibishe pale pale na awape khabari jamaa zake, na mauti yakitokea khabari ipelekwe IPOA. Basi mwenye kutaka askari aulizwe hakuzua sheria mpya. Anataka iliyoandikwa ifuatwe.

Ama neno la risasi ya mguu, na lipimwe kwa ngazi hii. Mwenye kuchoma duka la mtu ni dhalimu, na kuzuiwa kwake ni wajibu. Lakini swali la Sharia ni hili: je, hakuna kilicho chini ya risasi kinachomzuia? Kikiwapo, risasi ni haramu, iwe ya mguu au ya kichwa. Na kulla tabibu ajua kwamba katika paja hupita mshipa mkubwa wa damu, ukikatwa mtu aweza kufa katika dakika chache kabla ya kufika hospitali. Tena risasi iliyopigwa katikati ya watu haina macho. Mtoto wa roshani hakuwa na jiwe wala kiberiti. Na akiisha kukamatwa mwenye kuchoma, amekuwa mfungwa, na adhabu yake ni ya kadhi na hakimu, si ya mwenye bunduki njiani.

ALIYEAMRISHA NA ALIYETII

Wako askari wasemao: Sisi tumeamrishwa, mwenye kuulizwa ni mkubwa wetu. Neno hili lina upande wa kweli na upande wa uwongo.

Mafakihi wamesema kwamba mpigaji aliyeua kwa amri ya Imamu, naye hajui kwamba amri ile ni dhulma, dhamana si juu yake bali ni juu ya aliyeamrisha. Lakini akijua kwamba ni dhulma, na hakulazimishwa, basi kisasi na dhamana ni juu yake yeye. Maana Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Sheria ya Polisi nayo imesema kwamba amri ya mkubwa si udhuru kwa mtu aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Basi wote wawili waulizwe, aliyetia kidole katika bunduki na aliyekaa ofisini akatoa amri. Si haki askari mdogo atupwe jela peke yake, na mkubwa wake aendelee kunywa kahawa.

Na mfano wa askari mwema umekwisha kuonekana katika umma huu. Baada ya kutekwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alimtuma Khalid bin Al-Walid (R.A.) kwa Bani Jadhima. Watu wale walitaka kusema kwamba wamesilimu, hawakuweza kulitamka neno vizuri. Khalid akafahamu vingine, akaua na kuteka, kisha akaamrisha kulla mtu amuue mateka wake. Abdullah bin Umar (R.A.), aliyekuwa askari katika jeshi lile, aliapa kwamba hatamuua mateka wake, wala wenziwe hawatawaua wao. Hakumpiga Khalid, hakukimbia jeshi. Alikataa tu kuua. Walipofika kwa Mtume (S.A.W.) wakamweleza, aliinua mikono yake akajitenga mbele ya Mwenyezi Mungu na alilolifanya Khalid, akalikariri neno hilo mara mbili. Hayo yamo katika Bukhari. Na wapokezi wa Sira wamesimulia kwamba alimtuma Sayyidna Ali na mali, akawalipa watu wale dia ya waliouawa na badali ya vilivyoharibika, hata chombo cha kunywea mbwa. Mali ikabaki, akawaachia, kwa kuchelea kwamba huenda likawapo lililosahauliwa.

Katika kisa hiki mna mafunzo matatu. La kwanza, Mtume hakulificha kosa la jemadari wake kwa kuchelea heshima ya jeshi, alilitangaza. La pili, hakungoja warathi wapige milango ya Madina miaka na miaka. Aliwapelekea haki yao kwao. Na la tatu, hakumvunja Khalid, kwani alikosa katika kufahamu na hakukusudia dhulma. Alitumiwa tena, akaufaa Uislamu. Kuulizwa si kuangamizwa. Bali askari anayejua kwamba ataulizwa hupima kabla ya kupiga, na askari anayepima ndiye raia wanayempa khabari za wezi.

MAJIBU YA HOJA TATU

Hoja ya kwanza husema: Aliyeuawa alikuwa mwizi, alhamdulillahi tumepumzika. Huyu na aogope. Nani aliyethibitisha kwamba alikuwa mwizi? Kadhi gani alikaa, na shahidi gani aliapa? Na lau alikuwa mwizi kweli, hukumu ya mwizi si kupigwa risasi kichochoroni. Usama bin Zaid (R.A.) alimuua mtu vitani baada ya kuitamka shahada, akidhani kwamba ameitamka kwa khofu ya upanga. Mtume (S.A.W.) akamkemea mno, akamuuliza kama alimpasua moyo akaona yaliyomo, hata Usama akatamani lau angalisilimu siku ile. Ikiwa Usama, kipenzi cha Mtume, hakusamehewa dhana yake, je, dhana ya mtu wa baraza itasamehewa? Wazee walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Leo mwana wa jirani kaitwa mwizi na watu wakashangilia. Kesho mwanao atachelewa kurudi, na jina lile lile litamngoja njiani.

Hoja ya pili husema: Askari wakishitakiwa wataogopa kazi, na nchi itaharibika. Jawabu yake ni kwamba tabibu hushitakiwa akiua kwa uzembe, na watu hawakukosa matabibu. Nahodha huulizwa jahazi ikizama, na bahari haikukosa manahodha. Atakayeiogopa kazi kwa sababu ya hesabu ni yule asiyetaka kuhesabiwa, na huyo kuikosa bunduki ni kheri yake na kheri ya watu. Na Mtume (S.A.W.), ilipotakwa shufaa kwa mwanamke mtukufu wa Bani Makhzum aliyeiba, alifundisha kwamba waliotangulia waliangamia kwa kuwaacha wakubwa na kuwahukumu wanyonge. Basi nchi haiharibiki kwa kumhukumu mwenye nguvu. Huharibika kwa kumwacha.

Hoja ya tatu husema: Ni kadari ya Mwenyezi Mungu, ajali yake imefika, mzazi na asubiri. Ndiyo, ajali imefika, na subira ni wajibu. Lakini aliyeua hakuua kwa kutii kadari. Ameua kwa mkono wake na atahisabiwa. Kama kadari ingalikuwa udhuru wa muuaji, isingaliteremka aya ya kisasi wala ya dia. Katika Suratul-Israa, aya ya 33, Mwenyezi Mungu amempa nguvu walii wa aliyeuawa kwa dhulma ya kudai haki yake, kisha akamkataza asipindukie mpaka. Basi anayemwambia baba aliyefiwa anyamaze asidai, anamnyang'anya alichopewa na Mola wake. Akisamehe mwenyewe kwa ridhaa yake, hiyo ni fadhila kubwa. Ama kunyamazishwa kwa khofu, huko si kusamehe.

YAPASAYO KUTENDWA

Wajibu wa kwanza ni ushahidi. Aliyeona na aseme alichokiona, asizidishe wala asipunguze. Katika Suratul-Baqara, aya ya 283, Mwenyezi Mungu amemhesabu mwenye kuficha ushahidi kuwa moyo wake umeingia dhambi. Askari wawili wa Kinango hawakutiwa hatiani kwa kelele za barazani. Walitiwa hatiani kwa ushahidi uliopelekwa mahakamani ukapimwa. Watu wengi hukusanyika penye maiti, wakasema sana, na siku ya kesi wakakosekana. Mwenye kukhofu nafsi yake apeleke neno lake kwa njia ya salama, kwa wakili au kwa IPOA, na jamaa wamsindikize, asiende peke yake kama mwizi.

Wajibu wa pili ni uadilifu kwa askari mwenyewe. Naye ni mtoto wa watu, na wengi wao wamekufa wakiwalinda raia. Asihukumiwe kwa picha iliyokatwa wala kwa khabari ya njiani. Apewe wakili na asikizwe hoja yake. Ikithibiti kwamba alijikinga kwa haki, aachiliwe, na watu wamrudishie heshima yake. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, waumini wameamrishwa kusimama na uadilifu hata juu ya nafsi zao na wazazi wao. Basi mwenye mwana au ndugu katika polisi asimfiche akidhulumu. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kumnusuru ndugu aliyedhulumiwa na aliyedhulumu, akabainisha kwamba kumnusuru dhalimu ni kumzuia na dhulma yake.

Wajibu wa tatu ni kutolipiza kisasi kwa mkono wa mtu binafsi. Kusimamisha hukumu ya damu si kazi ya kulla mwenye hasira. Mwezi wa Agosti 2012, mhubiri mmoja wa Kiislamu alipouawa kwa risasi barabarani Mombasa, damu yake haikupata aliyetiwa hatiani mahakamani, na hilo ni jeraha ambalo halijafunga. Lakini ghasia zilizofuata ziliua watu wengine, na makanisa yakaharibiwa. Waliokuwamo katika makanisa yale hawakuwa wameshika bunduki. Mwenye kudai haki ya damu moja kwa kumwaga nyingine isiyo na hatia ameipoteza haki ile, na ameijibu dhulma kwa dhulma. Njia ya haki ni ndefu, ina gharama na machovu. Basi jamaa wa mtaa wachangiane nauli ya kwenda mahakamani na malipo ya wakili, kama wachangianavyo sanda na kuzika. Zamani walii hakuachwa peke yake. Kabila lake lilisimama naye. Leo mtaa ndio kabila lake.

Na askari mwenye kusoma maneno haya ajue kwamba bunduki aliyopewa ni amana, na risasi zimehesabiwa mara mbili. Moja ni hesabu ya ghala, nayo yaweza kughushiwa. Ya pili iko kwa asiyesahau. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba jambo la kwanza kuhukumiwa baina ya watu Siku ya Kiyama ni damu. Siku hiyo hakuna sare, wala mkubwa wa kumfunika mdogo, wala faili lililopotea. Sayyidna Umar aliikhofu siku hiyo kwa ajili ya mtoto aliyelia mara mbili tu, na hali hakumgusa mama yake. Basi na ajipime mwenye kupiga risasi katikati ya watu, kisha akarudi nyumbani akala akalala.

Ewe Mola, ilinde damu ya waja wako, wenye sare na wasio na sare. Wape waliofiwa subira pamoja na haki yao. Watie mahakimu ujasiri wa Ali, na wenye amri unyenyekevu wa Umar. Wala usitujaalie kuwa miongoni mwa walioona wakanyamaza. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Amin.